Mtumbwi, Mafunjo na Kumbukumbu za Mwindaji wa Nzohe: Tathmini ya Safari ya Ziwa Kanyaboli

Nilikwenda Ziwa Kanyaboli mwezi wa Januari pamoja na walimu wenzangu wawili wa Kisumu, kwa ajili ya huduma moja mahususi: safari ya mtumbwi ya alfajiri ambayo kikundi kidogo cha vijana wa pale huiendesha ndani ya kinamasi cha Yala, na ambayo hufuatwa na kikao cha kumsikiliza mzee aliyewahi kuwinda nzohe, swala wa majini, katika mafunjo ya kinamasi hicho hicho. Nimetembea na waongozaji wa ndege katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, kuanzia Dunga hadi msitu wa Kakamega, na wengi wao ni hodari. Lakini hii ndiyo huduma ya kwanza niliyoiona ikimketisha mwindaji wa zamani mahali pa mwalimu, badala ya kumtaja kwa mbali kama adui aliyeshindwa. Kikundi chenyewe sitakitaja jina, kwa sababu itakayoeleweka nitakapofikia habari za mzee, na pia kwa kuwa kasoro nitakazozieleza ni za kurekebishwa na vijana wenyewe. Mwenye kufika ufuoni na kuuliza habari za mzee wa nzohe ataelekezwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika huko, Yala ndicho kinamasi kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini Kenya, chenye eneo la takriban hekta 17,500 katika kaunti za Siaya na Busia, mahali ambapo mto Yala hupunguza mwendo na kutawanyika kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Ndani yake mna maziwa madogo, na kubwa kati ya hayo ni Kanyaboli, takriban kilomita 10 za mraba za maji yaliyozungukwa na ukuta wa mafunjo. Ukuta huo una kazi. Samaki aitwaye mbuta alipopandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, alikuwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwa samaki wa asili aitwaye ngege katika ziwa hilo kubwa. Hakuweza kuvuka mafunjo na kuingia Kanyaboli, na ndiyo maana ngege yule ambaye babu zetu walimla bado huvuliwa hapa. Ziwa lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 2010. Mafunjo yaliyomkinga ngege ndiyo pia makao ya viumbe wawili tuliowafuata: nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, na ndege adimu wa jamii ya tiva ambaye haishi popote pasipo na mafunjo.

Tuliondoka ufuoni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kabla giza halijatawanyika sawasawa, kwa mtumbwi wa mbao unaobeba watu sita. Kijana aliyesimama nyuma hutumia kasia kwenye maji mapana na kushika upondo anapoingia katika vijia vya mafunjo, na kwa kuwa hakuna injini, mtu hukisikia kinamasi kikiamka: vyura wakinyamaza, furukombe akiita kutoka mbali, minandi wakikung'uta mbawa juu ya miti ya kufungia nyavu. Sile walikuwa wakitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuyazamisha, na mdiria mmoja mdogo alitutangulia kutoka unyasi hadi unyasi kwa muda mrefu. Kiongozi wetu aliwajua ndege wote kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Dholuo, na alipoulizwa jambo asilolijua alisema wazi kwamba halijui. Sifa hiyo nimejifunza kuithamini sana kwa mwongozaji.

Tiva wa mafunjo ni ndege mdogo kuliko hua. Mgongo wake ni mweusi, kifua ni chekundu kama damu, utosi una rangi ya dhahabu, na ubawani ana mstari mweupe. Anayemwona kwenye picha hudhani kwamba ndege wa rangi kali kiasi hicho hawezi kujificha. Kumbe anaishi ndani ya mashina yaliyosongamana, na mtu anaweza kumsikia mara ishirini kabla ya kumwona mara moja. Dume huita na jike hujibu papo hapo, kwa namna ambayo mgeni husikia sauti ya ndege mmoja tu. Hupatikana katika mafunjo ya ukanda wa Ziwa Victoria na nchi jirani, kuanzia Kenya na Uganda hadi Rwanda na Burundi, na orodha ya kimataifa ya viumbe imewahi kumweka katika daraja la wale wanaokaribia kuwa hatarini, kwa sababu mafunjo yanakatwa, yanachomwa na kulimwa. Tulisubiri karibu dakika arobaini kwenye ghuba ndogo, upondo ukiwa umechomekwa kwenye tope ili mtumbwi usisogee, na hatimaye dume lilipanda hadi kwenye kichwa cha funjo, likakaa kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, likashuka. Mwenzangu mmoja, ambaye hafuati habari za ndege hata kidogo, alinishika mkono bila kusema neno.

Hapa ndipo penye kasoro ya kwanza, nami naiona kuwa nzito. Kabla dakika hizo arobaini hazijaisha, kiongozi alitoa simu na kutaka kucheza sauti ya tiva iliyorekodiwa ili ndege atoke haraka. Tulimwomba asifanye hivyo, naye akakubali kwa heshima, lakini alionekana kushangaa, jambo linaloonyesha kwamba wageni wengine huidai sauti hiyo. Ndege anayesikia sauti ya mwenzake ndani ya himaya yake hudhani amevamiwa. Huacha kula, huacha kiota, na kutoka hadharani kupigana na mpinzani asiyekuwepo. Jambo hilo likifanyika mara moja kwa mwaka huenda lisilete dhara. Likifanyika kila Jumapili katika ghuba ile ile, kwa jozi ile ile ya ndege, linakuwa usumbufu wa kudumu kwa kiumbe ambaye wageni wamelipa ili abaki pale. Kikundi kinapaswa kuipiga marufuku simu hiyo na kuwaambia wageni sababu yake mapema, wakiwa bado nchi kavu.

Nzohe hatukumwona. Tulionyeshwa kijia chake, mfereji mwembamba uliopita chini ya mafunjo kama njia ya panya iliyokuzwa, na kwenye tope la pembeni kulikuwa na alama za kwato ndefu zilizopanuka, mpya kiasi kwamba maji yalikuwa yakiendelea kujaa ndani yake. Baadaye tulisikia kishindo kimoja cha maji ndani kabisa, kisha kimya. Mimi niliridhika. Hata hivyo, bango lililowekwa ufuoni linaahidi kwamba mgeni atamwona nzohe, na ahadi hiyo inafaa kufutwa, kwa kuwa mnyama huyu hujitokeza zaidi wakati wa machweo, wakati wa mapambazuko na usiku, na akiogopa huzama majini akabakiza pua tu. Mgeni anayeahidiwa kisha akakosa hurudi nyumbani akisema amedanganywa, ilhali alichokikosa si kosa la kiongozi wala la mnyama.

Sehemu iliyonifanya niandike tathmini hii ilianza tuliporudi, kama saa tatu asubuhi, chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba ya mzee. Tulipewa chai na viazi vitamu, vyote viwili vya kutosha na vitamu, na kiongozi akamwamkia mzee kwa kumwita Jaduong', yaani mzee kwa Dholuo, nasi tukamwamkia shikamoo kama tulivyolelewa. Mzee haijui tarehe yake ya kuzaliwa, lakini anakumbuka kwamba alikuwa mvulana wa kuchota maji wakati mashine zilipoletwa kukausha sehemu ya kinamasi katika miaka ya 1960, na kwamba kelele za mashine hizo ziliwasukuma nzohe kuelekea upande wao, hata watu wazima wakaona ni neema.

Alianza kwa kurekebisha fikira tuliyokuja nayo. Sisi tuliuliza habari za mbio na mikuki. Yeye akasema kwamba kumwinda nzohe ilikuwa ni kazi ya kujua njia. Mnyama huyu hupita kijia kile kile siku baada ya siku, na katikati ya mafunjo hukanyagakanyaga mashina mpaka yakawa jukwaa la kulalia, kwa hiyo mwindaji aliyejua vijia vitatu na malazi mawili alikuwa tajiri. Kwato zilizopanuka humsaidia nzohe kutembea juu ya tope na mafunjo yaliyoanguka bila kuzama, lakini juu ya ardhi ngumu humfanya mzito, na huko ndiko walikotaka kumfikisha. Wanaume wachache na mbwa waliingia kutoka upande wa maji, polepole, huku wenye mikuki wakiwa wamelala kwenye majani ya nchi kavu, na mnyama alipotoka alikuwa amekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake. Mvulana kama yeye hakupewa mkuki. Kazi yake ilikuwa kumshika mbwa mmoja mdomo asibweke, na anasema mkono wake wa kushoto ungali na kovu la kazi hiyo, alituonyesha.

Kisha akafika kwenye ndege, bila sisi kumwuliza. Alieleza kwamba wakiwa ndani ya mafunjo hawakuweza kuona hatua tano mbele, kwa hiyo walisikiliza, na sauti waliyoisikiliza zaidi ni ile ya jozi ya ndege wekundu wanaoitana na kuitikiana. Jozi ikiendelea kuimba, mahali pale hapana kitu kinachotembea. Mwitikio ukikatika katikati, kuna mnyama au mtu amepita chini yake. Wawindaji walimtumia ndege kujua nzohe alipo. Lakini nzohe naye alimtumia ndege huyo huyo kujua wawindaji walipo, na mara nyingi alitangulia kuondoka. Kwa hiyo wavulana walitumwa na manati kuwapiga tiva kwenye ghuba ambako msako ungefanyika kesho yake, ili pawe kimya. Mzee alilisema hilo taratibu, akitazama kikombe chake, na akaongeza kwamba yeye alikuwa na shabaha nzuri. Leo ndiye anayewafundisha vijana wa kikundi kutofautisha mwito wa dume na jibu la jike, na ghuba tuliyomwona tiva asubuhi ile ndiyo aliyowaelekeza yeye.

Nimesoma makala kadhaa kuhusu ndege wa mafunjo, na sijawahi kukutana na maelezo yanayomfunga ndege na mnyama pamoja namna hii, kwa hiyo ninayachukulia kama ushahidi wa mtu mmoja wa mahali pamoja, wenye thamani hiyo na mipaka hiyo. Mtu aliyewinda kwingine, kwa mfano upande wa Busia, huenda akasema mengine. Lakini mambo mengi aliyoyasema yanaweza kukaguliwa kwa macho: malazi ya nzohe yapo, vijia vipo, na jozi ya tiva ilinyamaza kweli mtumbwi wetu ulipogusa mafunjo.

Kuhusu masharti ya uwindaji, alisema kwamba katika kundi lao jike mwenye mimba aliachwa apite, na kwamba nyama iligawanywa kabla ya kuondoka mahali pa kuchinjia ili kusiwe na ugomvi kijijini. Sitaki msomaji afikiri kwamba anawapamba wenzake. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba masharti hayo yalianza kufa siku waya ulipoingia. Tanzi la waya hutegwa kijiani na kuachwa. Halijui jike wala dume, mwenye mimba wala mtoto, na mwenye kulitega anaweza kuwa amelala nyumbani huku mnyama akioza kwa sababu mtegaji amesahau idadi ya mitego yake. Soko la nyama lilipokua, walikuja watu wasiokijua kijia hata kimoja, nao waliwasha moto wakati wa kiangazi ili mafunjo yawafanyie kazi. Moto ulimtoa nzohe, lakini pia uliondoa makao ya tiva kwa msimu mzima, kwani mafunjo huota tena baada ya miezi kadhaa ila ndege anahitaji yaliyokomaa na kusongamana. Katika simulizi lake, moto ndio unaolaumiwa kuliko mkuki, na nilipotafakari nikaona kwamba ana haki ya kusema hivyo, hata kama mkuki ulikuwa wake.

Sasa nieleze kwa nini sikumtaja mtu wala kikundi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliongeza ukali wa adhabu. Mzee anasema habari za marufuku waliletewa barazani na chifu, na kwamba hakuacha siku hiyo hiyo. Mtu anayesema ukweli wa aina hiyo mbele ya wageni watatu asiowajua anawakabidhi kitu kikubwa. Kiongozi alituomba, kabla ya mazungumzo kuanza, tusipige picha ya uso wa mzee na tusirekodi sauti bila idhini yake, na jambo hilo lilifanywa vizuri kabisa, kwa sauti ya chini na bila kutufanya tuone aibu. Katika huduma nzima, hilo ndilo lililonionyesha kwamba vijana hawa wanajua uzito wa wanachokiuza.

Kasoro ya pili inahusu lugha. Mzee huanza kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri cha watu wa ziwani, lakini habari inapomgusa huhamia Dholuo, na mimi ninaielewa nusu nusu tu. Wakati huo kiongozi alipaswa kutafsiri. Alichokifanya ni kusikiliza dakika tano za maneno yaliyojaa mikono, milio ya mbwa na majina ya mahali, kisha kutugeukia na kusema kwamba mzee anaeleza jinsi walivyomkosa nzohe mkubwa. Sentensi moja! Rafiki yangu ambaye ni Mjaluo alitufafanulia baadaye njiani, na ndipo tukajua kwamba katika dakika hizo tano mzee alikuwa ametaja majina manne ya ghuba ambazo sasa zimezibwa na magugu au kulimwa, na alikuwa ameeleza ni ipi iliyokuwa na nzohe wengi na kwa nini. Hicho ndicho kiini cha historia simulizi, na hicho ndicho kilichokatwa. Napendekeza kikundi kimweke kijana mmoja maalumu kwa ajili ya kikao hiki, anayejua kutafsiri kwa kusimamisha msemaji kwa adabu kila baada ya maelezo mafupi, na asiyeona haya kumwuliza mzee maana ya neno la kale.

Nikiwa nasikiliza, mawazo yalinipeleka nchi ya mbali ambako wawindaji na ndege adimu wamekutana kwa namna iliyo kinyume na hii. Kabla ya watu kufika, New Zealand haikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo, na walowezi wa karne ya 19 ndio waliopeleka kulungu wekundu kutoka Uingereza kwa ajili ya michezo ya uwindaji. Kulungu waliongezeka mpaka serikali ikaajiri watu wa kuwaua kuanzia miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1960 wawindaji walikuwa wakitumia helikopta kwenye milima ya Fiordland isiyofikika kwa miguu. Katika milima hiyo hiyo kuna ndege aitwaye takahe, mkubwa kama kuku, wa rangi ya buluu na kijani, asiyeruka, ambaye kwa miaka hamsini ilidhaniwa ametoweka, mpaka daktari Geoffrey Orbell alipompata tena katika milima ya Murchison mnamo Novemba 1948. Kulungu walikuwa wakila nyasi zile zile ambazo takahe huzitegemea, kwa hiyo kila kulungu aliyeuawa alikuwa nafuu kwa ndege. Mwaka wa 1981 takahe walikuwa wamebaki takriban 120. Leo wamefika takriban 500, ingawa kazi hiyo ilihitaji pia kuwalinda dhidi ya wanyama walao nyama na kuwalea vifaranga.

Kwa hiyo mwindaji mzee wa Fiordland anaweza kusimulia kazi yake kama sehemu ya kumwokoa ndege. Mzee wa Kanyaboli hana faraja hiyo. Nzohe ni wa hapa, tiva ni wa hapa, nyumba yao ni moja, na aliyempiga mmoja alimdhuru mwingine. Naona kwamba hilo linayafanya masimulizi yake yawe magumu zaidi kusemwa, na ya lazima zaidi kusikilizwa, kwa sababu anajua jinsi wawili hao walivyoishi pamoja wakati mafunjo yalipokuwa mapana.

Na masimulizi hayo hayajarekodiwa. Kiongozi alituambia kwamba katika kundi lile la wawindaji wamebaki watatu tu, na mmoja wao hasikii tena. Nilipouliza kuhusu kinasa sauti, alijibu kwamba simu inatosha ila hawajaanza. Ningependa waanze mwezi huu, hata kwa simu, kwa lugha anayoitaka mzee mwenyewe, na wapate idhini yake kila mara. Hata hivyo, wafikirie kwanza nani atakayesikiliza. Simulizi lenye majina ya vijia na malazi ya nzohe ni hazina kwa mtafiti, na pia ni ramani kwa mtega waya. Habari za maisha, mbwa, mgawanyo wa nyama na sauti za ndege zinaweza kusikilizwa na kila mtu. Majina ya ghuba ambamo nzohe bado wanalala yawekwe kando, mikononi mwa wanaowalinda. Nami katika tathmini hii nimejiwekea sharti hilo hilo, na msomaji ataona kwamba sikuitaja ghuba yoyote.

Mtu anaweza kuniuliza kama si afadhali kwenda Saiwa, karibu na Kitale, ambako hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, isiyofika hata kilomita 3 za mraba, ilianzishwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe. Nimefika huko pia. Kwa mtu ambaye haja yake ni kumwona nzohe kwa macho, Saiwa ina minara ya kutazamia iliyojengwa juu ya kinamasi, na mwenye subira ya machweo ana nafasi nzuri zaidi kuliko Kanyaboli. Ninachokithamini kule ni mnyama. Ninachokithamini huku ni mtu anayemjua mnyama. Mwenye uwezo aende kote kuwili, aanze na Kanyaboli, kwa sababu baada ya kumsikiliza mzee nilitamani kurudi Saiwa nikatazame miguu ya nzohe kwa macho mapya.

Kuhusu gharama, tulilipa shilingi 1,500 kila mmoja kwa mtumbwi, kiongozi, kikao na chai, kwa M-Pesa, na nadhani ni bei ya haki, hata ndogo. Lisilo wazi ni kiasi gani kinamfikia mzee. Nilipouliza niliambiwa kwamba hupewa kitu, na jibu hilo halinitoshi. Ningelipa shilingi 500 zaidi kwa furaha kama ningejua zinakwenda kwake moja kwa moja, na wenzangu walisema vivyo hivyo. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwa nne kwa watu watano, na moja ilikuwa na kamba iliyokatika. Kwenye maji yenye magugu na tope la kina kisichojulikana, jambo hilo lisisubiri msimu ujao. Choo kilikuwa safi. Darubini ya kikundi ni moja na ina ukungu ndani ya kioo kimoja, kwa hiyo mwenye yake aibebe.

Kutoka Kisumu mtu hupanda matatu ya Siaya inayopita Maseno na Luanda, kisha bodaboda kutoka mjini hadi ufuoni, lakini anayetaka kuwa mtumbwini kabla ya jua kuchomoza hana budi kulala Siaya. Januari na Februari barabara ni kavu; wakati wa mvua za masika kipande cha mwisho kinateleza sana. Apige simu siku mbili kabla na aseme bayana kwamba anataka kikao cha mzee, maana baadhi ya wageni hupelekwa majini tu na kurudishwa. Asichague Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo mzee huwa kanisani tangu asubuhi mpaka jioni. Na kama Dholuo haimpandi, atafute rafiki anayeielewa, amwombe wafuatane, na ampe nafasi ya kuketi karibu na mzee.